Haki ya Mtoto Katika Tuzo za Vitabu Vyake

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, mvua zinapoanza kupungua huku kwetu Isansa, wilayani Mbozi, na mibuni ikiwa imebeba matunda mabichi ambayo mkono wa mchumaji bado haujayagusa, taifa letu hukumbuka kuzaliwa kwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa tarehe 13 Aprili, 1922. Tangu mwaka 2023 kumbukumbu hiyo imefungamana na jambo jingine la heri, nalo ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika nyanja zinazoshindaniwa imo ile ya hadithi za watoto. Sisi tulio mbali na kumbi za sherehe husikiliza majina ya washindi redioni, na kwa kuwa nasi ni watu wa kalamu, hufurahi kama mtu afurahivyo kusikia kwamba ndugu yake amepata mtoto.

Lakini furaha njema haikatazi fikira. Kila tusikiapo kwamba kitabu cha watoto kimepewa tuzo, swali moja hutujia nalo halitoki upesi. Je, kitabu hicho kimemshinda nani, na kimehukumiwa na nani? Ngoma hupimwa na wale waichezao. Chakula hupimwa na wale wakilao. Kitabu cha mtoto peke yake ndicho huandikwa na mtu mzima, kikachapishwa na mtu mzima, kikanunuliwa na mtu mzima, kikaamuliwa na watu wazima walioketi mezani, na mwishowe zawadi yake ikapokewa na mtu mzima aliyevaa nguo zake za heshima. Mtoto, ambaye tuzo yenyewe imeitwa kwa ajili yake, hayumo barazani. Yuko nje anacheza, au yuko shambani anafukuza ndege, wala hana habari kwamba leo watu wamekaa kuamua kitu gani kitamfurahisha.

Hili si swali la sherehe wala la fedha. Ni swali la maadili, kwa kuwa linahusu haki ya mtu asiyeweza kujisemea mbele ya wale wanaosema kwa niaba yake. Tunaomba, ndugu msomaji, tulichunguze pamoja kwa utulivu, bila kumlaumu mtu na bila kujisahau sisi wenyewe.

Tuanze na desturi zetu, kwa sababu wazee wetu walikuwa na hadithi kabla ya kuwa na vitabu, na walikuwa na hukumu ya hadithi kabla ya kuwa na tuzo. Msimulizi wa Kiswahili hakuanza kusimulia kwa sababu yeye alitaka. Aliita kwanza, "Hadithi, hadithi!" kisha akanyamaza akangoja. Ilikuwa juu ya wasikilizaji kumjibu, "Hadithi njoo!" Na makabila yetu mengi, kila moja kwa lugha yake, yana namna yake ya kuita na kuitikiwa kabla ya masimulizi kuanza. Mara nyingi sisi hulichukua jambo hili kuwa ni pambo la kufungulia mazungumzo, kumbe ndani yake mna sheria nzima. Msimulizi ni mzee, anajua mengi, naye ndiye mwenye kigoda. Hata hivyo hana ruhusa ya kuanza mpaka mtoto aliyeketi chini amwambie njoo.

Tena tuyatazame maneno wanayoongeza wasikilizaji: "Uongo njoo, utamu kolea." Katika maneno haya machache mtoto ametoa masharti mawili. Kwanza, anajua kwamba atakayoyasikia hayakutokea, naye ameyakubali kwa hiari; hakudanganywa. Pili, anadai utamu. Hakusema "mafunzo kolea," ingawa mafunzo yangekuja. Wazee walilijua hilo, wala hawakukasirika. Walijua kwamba hadithi isiyo na utamu hushindwa papo hapo, kwa sababu mwamuzi wake ataanza kusinzia mbele ya macho ya msimulizi, na usingizi wa mtoto ni hukumu isiyo na rufaa.

Kitabu kilipokuja, hukumu hiyo ilipotea. Mwandishi haoni uso wa msomaji wake. Mtoto akichoka katika ukurasa wa tatu, mwandishi hana habari. Huenda yuko Dar es Salaam akipongezwa. Ndipo watu wakaona haja ya kuweka waamuzi. Nishani ya Newbery ya huko Marekani, ambayo huhesabiwa kuwa tuzo ya kwanza ya vitabu vya watoto duniani, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1922, mwaka ule ule aliozaliwa Mwalimu Nyerere, nayo imepewa jina la muuza vitabu wa London wa karne ya 18, John Newbery. Jirani zetu wa Kenya wana Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974, ambayo katika miaka iliyofuata imewajali pia watoto na vijana, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hapa kwetu ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, kwa msaada wa wahisani kutoka Kanada, ili kutibu ukame wa vitabu vya Kiswahili vya watoto. Mradi huo huo ndio uliosimamia Tuzo ya Burt, iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2008 kwa ajili ya vitabu vya vijana vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Tuzo hiyo sasa imekoma, bali iliwatia moyo waandishi wetu kadhaa.

Wapo wasemao kwamba mambo haya yote hayana haja, kwa kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Wanasema kitabu kizuri kitajulikana chenyewe. Tungelikubali neno lao laiti wangetuonyesha mahali kitabu hicho kinapojiuzia. Hapa Isansa mtu atapata dukani sabuni, chumvi, betri na mbolea. Daftari na kalamu pia atavipata. Kitabu cha hadithi hatakipata. Kile kisichofika sokoni hakiwezi kujiuza, kiwe chema kiwe kibaya.

Sisi wenyewe tulisoma shule ya msingi katika miaka iliyofuata ule uamuzi wa mwaka 1974 wa kumpeleka kila mtoto shuleni. Ulikuwa uamuzi wa utu, nasi ni matunda yake. Lakini watoto walikuwa wengi kuliko vitabu. Tulikuwa tukikaa kitabu kimoja watoto wanane, na aliyeketi pembeni alisoma maneno kwa upande, kama mtu achunguliaye dirishani. Kitabu chetu cha kwanza cha hadithi kilitufikia bila jalada na bila kurasa za mwisho. Mpaka leo hatujui mwisho wa hadithi ile. Tuliutunga wenyewe usiku kitandani, kila siku kwa namna nyingine, na yamkini ndiko kulikotoka huu ushairi wetu mdogo. Hata hivyo hatutaki kuusifu upungufu kwa sababu ulitupa jambo jema moja. Mtoto ana haki ya kitabu kizima.

Kwa hiyo tuzo ina kazi ya haki. Humpa mwandishi heshima na riziki. Katika Tuzo ya Mwalimu Nyerere mshindi wa kwanza amekuwa akipewa shilingi milioni 10, fedha ambazo mwandishi wa hadithi za watoto hangezipata kwa mauzo ya miaka mingi. Na la maana zaidi ya hilo, azma ya tuzo hiyo ni kwamba kazi inayoshinda ichapishwe na kufikishwa shuleni. Hapo ndipo tuzo inapoacha kuwa sherehe ikawa huduma. Taa haikuwashwa ili watu waitazame taa. Iliwashwa ili waone njia.

Hata hivyo, wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa ni kitu kitamu, na mtu anayeitafuta hujifunza upesi sana mahali inapotoka. Maadamu sifa ya kitabu cha mtoto hutoka kwa watu wazima, mwandishi mjanja atawaandikia watu wazima. Ataujaza mswada wake mambo ambayo waamuzi hupenda kuyaona: uzalendo, usafi, utii, methali tatu katika kila ukurasa, na mwishoni mtoto mtukutu ataadhibiwa na mtoto mwema atapewa zawadi. Mambo haya yote ni mazuri. Lakini mwandishi hakuyaweka pale kwa kuwa mtoto anayahitaji. Aliyaweka kama mkulima awekavyo mahindi makubwa juu ya gunia, ili mnunuzi asiingize mkono chini.

Hatusemi haya kwa kumsengenya mtu. Tunayasema kwa sababu sisi wenyewe tuliyatenda. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika hadithi ya mtoto aitwaye Tumaini, kwa nia ya kuipeleka katika shindano fulani. Tumaini wetu aliamka alfajiri bila kuamshwa, aliwasalimu wakubwa wote njiani, alifagia darasa hata siku isiyokuwa zamu yake, na alipookota fedha alizirudisha. Lugha tuliipiga msasa mpaka iking'aa. Tulijivunia sana kazi ile. Kabla ya kuituma, tulimwomba mwalimu mmoja wa darasa la nne hapa kwetu aturuhusu kuwasomea wanafunzi wake.

Watoto walisikiliza kwa adabu kubwa. Tulipomaliza walipiga makofi kama walivyofundishwa kumpigia mgeni. Ndipo binti mmoja wa mbele alipoinua mkono, akatuamkia, kisha akauliza, "Mzee, huyu Tumaini hajawahi hata siku moja kuiba muwa?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu alitaka kumkemea, nasi tukamwomba amwache. Tukamjibu yule binti kwamba, kwa kadiri tunavyomjua sisi, Tumaini hajawahi kuiba muwa. Binti alitutazama kidogo, akasema, "Haya," akaketi, na akaanza kuchora kitu katika daftari lake.

Ile "haya" ilituuma kuliko barua yoyote ya kukataliwa. Tulielewa kwamba binti yule alikuwa amemtafuta mtoto mwenziwe ndani ya hadithi yetu, na alipokuta hakuna mtoto bali kuna mtu mzima mdogo aliyevikwa kaptura, aliaga kwa heshima akaenda zake. Hakuchukia maadili yetu. Alitaka kujua mtu hufikaje huko, kama yeye mwenyewe jana alivunja muwa wa jirani. Sisi hatukuwa na jibu, kwa sababu tulipokuwa tukiandika hatukumfikiri yeye. Tuliwafikiri waamuzi.

Kuna watakaosema kwamba tunataka kuondoa mafunzo katika hadithi za watoto. La hasha. Hadithi za mababu zetu zilifunza, na samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini tumtazame Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali na mshairi. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, jina lenyewe la mhusika mkuu ni Adili. Hapana mtu awezaye kudai kwamba mwandishi alificha nia yake. Na bado vijana wengi wamekisoma bila kulazimishwa. Kwa nini? Kwa sababu ndani yake mna manyani wawili wanaopigwa kila usiku, na msomaji hawezi kulala mpaka ajue manyani wale ni nani, wametenda nini, na kwa nini mtu mwema kama Adili anawapiga ilhali moyo wake unaumia. Uadilifu haukuwekwa juu ya hadithi kama bango. Umekuwa fumbo, na mtoto analifuata fumbo kwa miguu yake mwenyewe. Anapolifumbua, mafunzo ni yake, kwa kuwa ameyapata kwa jasho lake.

Baada ya kukiri kosa letu la uandishi, hatuna budi kukiri na kosa letu la uamuzi, maana hilo lilikuwa kubwa zaidi. Wakati fulani tuliteuliwa pamoja na wenzetu wawili kuamua shindano la insha la wanafunzi. Mada ilikuwa siku isiyosahaulika. Zilikuja insha nyingi. Kati yake ilikuwamo ya mvulana mmoja aliyeeleza siku alipopelekwa na bibi yake kukiona Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Wageni wengi wanakijua kimondo hicho. Habari zake zimeandikwa katika vitabu tangu mwaka 1930, nacho ni pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10. Mvulana yule hakuandika uzito wala mwaka. Aliandika kwamba watu wengine walipokuwa wakipiga picha, yeye alilitega sikio lake juu ya chuma kile ili asikie kama mbingu bado inaongea ndani yake, na kwamba kilikuwa baridi, na kwamba bibi yake naye aliinama akatega sikio, akamwambia, "Subiri, kuna kitu."

Insha ile ilikuwa na makosa mengi ya tahajia. Haikuwa na methali hata moja. Mmoja wetu alisema haina funzo. Mwingine alisema haina hitimisho, kwa kuwa iliishia pale pale kwenye neno la bibi. Sisi tulikuwa wa tatu, na neno letu lingeweza kuigeuza hukumu. Tulikubaliana nao. Ushindi ukapewa insha iliyoandikwa kwa mwandiko safi, yenye mwanzo, kiini na mwisho, na yenye methali zilizokaa mahali pake. Hatukutenda dhuluma kwa mujibu wa kanuni. Kila alama tuliyoitoa tungeweza kuitetea. Lakini insha iliyoshinda tumeisahau kabisa, hata mada yake ndogo hatuikumbuki. Ile tuliyoitupa tunaikumbuka neno kwa neno. Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Hatujui kama aliandika tena.

Tumelitoa jambo hili hadharani kwa sababu linaonyesha mahali ambapo hukumu ya mtu mzima hupofuka. Mtu mzima huona upesi kile ambacho kimekosekana. Mtoto huona upesi kile ambacho kipo. Laiti tungeliisoma insha ile mbele ya darasa la watoto na kuwatazama nyuso zao walipofika kwenye neno "Subiri, kuna kitu," tungejua kwamba hitimisho halikukosekana hata kidogo.

Sasa tusikilize hoja ya upande wa pili, kwani ina uzito wake. Mtoto, wanasema, hajui lililo jema kwake. Ukimwachia achague chakula, atachagua sukari asubuhi na jioni. Ukimwachia achague kitabu, atachagua kile chenye vichekesho na mapigano, na lugha mbovu haitamsumbua. Basi kumpa mtoto uamuzi ni kumtupa, siyo kumheshimu. Mzazi anayemwuliza mtoto kila jambo amekimbia wajibu wake.

Hoja hii ni ya kweli kwa nusu, na nusu hiyo tunaikubali kwa mikono miwili. Lugha safi, ukweli wa mambo, heshima kwa watu wa kila kabila, dini na jinsia, na kutomwekea mtoto sumu mbele yake, haya ni mambo ya mtu mzima kuyalinda, wala hana ruhusa ya kumtwika mtoto kazi hiyo. Lakini nusu iliyobaki tunaijibu kwa mfano wa kazi yetu ya huku Mbozi, ambako kahawa ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za bati na kusomesha watoto wengi. Mkulima anaujua mbuni tangu ukiwa kitaluni. Anajua lini apogoe, tunda lipi limeiva na lipi bado, siku ngapi kahawa ilowekwe na siku ngapi ianikwe. Hapana mtu mjini awezaye kumfundisha hayo. Lakini sifa ya kahawa yake mwishowe haikatwi na mikono iliyoilima. Inakatwa na ulimi wa muonjaji, anayekunywa kidogo, akanyamaza, kisha akasema. Mkulima asipomwamini muonjaji, anaweza kubishana naye juu ya bei. Hawezi kumwambia kwamba ulimi hauna kazi.

Basi na vitabu ni vivyo hivyo. Sisi watu wazima ni wakulima wa hadithi: tunajua mbegu, udongo na dawa. Mtoto ndiye ulimi. Tukimwachia mtoto shamba zima, litaota magugu. Tukiondoa ulimi katika hukumu, tutaendelea kupeana zawadi sisi kwa sisi kwa kahawa ambayo hapana mtu aliyeionja.

Wala hili si jambo la ndoto. Huko Ujerumani serikali hutoa tuzo ya taifa ya fasihi ya watoto na vijana tangu mwaka 1956, na tangu mwaka 2003 vijana wenyewe wana jopo lao linalochagua kitabu chao ndani ya tuzo hiyo hiyo. Wataalamu hawakufukuzwa. Wamebaki na meza yao, na vijana wamewekewa meza ya pili. Huko Ufaransa, kuna tuzo iliyoanzishwa mwaka 1988 ambayo washindi wake huchaguliwa kwa kura za wanafunzi, kuanzia watoto wadogo kabisa hadi wale wa sekondari, baada ya kuvisoma vitabu vilivyoteuliwa na wakubwa. Mkubwa anachuja, mdogo anaonja. Hatudai kuyaiga mambo ya wageni kwa kuwa ni ya wageni. Tunasema tu kwamba wamelifikia, kwa njia ya kura na makaratasi, jambo ambalo bibi zetu walikuwa nalo kando ya moto: hadithi haianzi mpaka mtoto aseme njoo.

Sisi hatuhitaji hata makaratasi mengi. Miswada michache iliyofika hatua ya mwisho ingeweza kusomwa kwa sauti katika baadhi ya shule za mijini na za vijijini, za bara na za visiwani, za wavuvi, za wafugaji na za wakulima kama sisi. Mwalimu angeandika mambo matatu tu: walicheka wapi, walinyamaza wapi, na waliuliza nini. Kisha karatasi hiyo ingewekwa mezani mbele ya waamuzi, ikawa neno moja kati ya maneno mengine. Tunaamini isingeondoa heshima ya mwamuzi yeyote. Ingemwongezea jicho.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo hatuwezi kuliruka. Mtoto wa Isansa huamka na Kinyiha cha bibi yake, husoma na kucheza kwa Kiswahili, na afikapo sekondari hukuta vitabu vyake vimegeuka kuwa vya Kiingereza. Tuzo zilizowatafutia vijana vitabu vya Kiingereza zilitaka kumsaidia mtoto huyo avuke mto, na msaada wao tunaushukuru. Lakini tukimuuliza kwa unyofu alicheka kwa lugha gani mara ya mwisho aliposoma, jibu lake litatuelekeza mahali pa kuweka nguvu zetu. Mwalimu Nyerere alikuwa msomi wa Kiingereza, na bado aliketi akazihamishia tamthilia mbili za Shakespeare katika Kiswahili, ile ya Juliasi Kaizari na ile ya Mabepari wa Venisi. Hakufanya hivyo kwa kukosa kazi. Alikuwa akiongoza nchi. Alitaka Mtanzania ayapokee mambo makubwa kwa lugha anayoiotea ndoto. Tuzo yenye jina lake imeifuata njia hiyo, nasi tunaiombea isiiache.

Basi tumefikia wapi? Tumeona kwamba tuzo ni njema, kwa kuwa humtoa mwandishi wa watoto gizani na, inapofuatwa na uchapishaji na usambazaji wa kweli, humfikishia mtoto kitabu kizima. Tumeona pia kwamba tuzo yaweza kumpotosha mwandishi, akawageukia waamuzi na kumpa mtoto kisogo. Na tumeona kwamba dawa yake iko katika kulirudisha barazani lile sikio ambalo hadithi ilitungwa kwa ajili yake. Tuzo ya kitabu cha mtoto ni amana. Watu wazima wameishika kwa niaba ya mwingine, na mwenye kushika amana hana budi kumwuliza mwenye mali, japo kwa maneno machache, kama kilichowekwa bado kiko salama.

Kwa upande wetu, hadithi ya Tumaini hatukuituma. Tuliirudia upya, na safari hii Tumaini ameiba muwa, ameukana mbele ya mama yake, na usiku mzima utamu wa muwa ule umemkalia kooni. Hatujui bado atafanya nini asubuhi. Tulipofika hapo tulirudi kwa mwalimu yule yule tukaomba tena nafasi. Binti wa mbele alikuwa amekwisha panda darasa, lakini walikuwapo wengine. Tulisimama mbele yao tukiwa na karatasi mkononi, mtumishi wa serikali mwenye mvi kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandika, kabla hatujafungua hata ukurasa mmoja, tuliita, "Hadithi, hadithi!" kisha tukanyamaza, tukangoja kama watu watakao ruhusa.